Baindingi za skii: za reli au za kutobolewa? Tunashea na kijana wangu

Mchaga_Calgary
Wakuu habari za baridi. Najua humu kuna watu wa Alberta na Colorado ambao kila wikendi wako mlimani, naombeni ushauri kabla hela haijatoka mfukoni. Nimepata skii za mtumba, urefu sm 168, upana wa katikati mm 84, hali nzuri kabisa ila hazina baindingi, kile kishikio cha kufunga buti kwenye skii. Buti zangu soli imeandikwa 315, yaani urefu wake kwa mm. Kijana wangu ana miaka 14, buti zake 297 na anakua huyo, urefu amebakiza vidole viwili anifikie, kila msimu ukianza kiatu kimebana. Mpango ni tushee, Jumamosi mimi Jumapili yeye, mara nyingi WinSport hapa mjini na siku mojamoja tunapanda mlima wa Nakiska. Dukani wameniambia kuna njia mbili, baindingi ya kawaida ambayo wanatoboa skii na kuifunga kwa kipimo cha buti, au zile za reli ambazo mbele na nyuma vyote vinasogea kama skii za kukodi. Za reli zimezidi dola themanini hivi na ni nzito. Kuna jamaa yangu anasema za reli ni za wanaojifunza na zinalegea. Mama watoto yeye anauliza kwani kukodi kuna shida gani 😂 Naomba kuwasilisha.

boss_wa_Denver
Chukua ya kutoboa bana. Nyepesi, iko chini karibu na skii, na ukigeuza unasikia theluji vizuri. Mimi nilikuwa na za reli nikauza, kubeba tu kutoka parking mpaka lifti ni kazi. Kijana mtafutie zake za mtumba, mtoto wa 14 kushea skii na mzee wake ni kutafuta vita nyumbani.

Dada_Oslo
Huku kwetu wengi tunateleza zile za masafa, kisigino kiko wazi, na huko kusogea kwa baindingi ni habari nyingine kabisa. Skii nyingi za sasa zinakuja na bamba lake juu, unachomeka baindingi bila kutoboa chochote, na nyingine unazisogeza palepale njiani, ukipeleka mbele skii inashika zaidi kwenye kupanda, ukirudisha nyuma inateleza zaidi. Kwa hiyo mtu akikwambia zinazosogea ni za wanaojifunza mwambie aje aone wazee wa hapa wanavyozichezea. Ila nyie mnaongelea za kushuka mlima, sitaki kudanganya watu. Kuhusu kukodi namuunga mkono shemeji, Norway kuna BUA wanaazimisha vifaa vya watoto bure kabisa, sijui huko kama kuna kitu cha hivyo.

boss_wa_Denver
@Dada_Oslo hizo za masafa ndio zetu Wakenya, Philip Boit alishindana Olimpiki ya baridi Nagano 1998, heshima 🇰🇪

Fundi_Bow_Valley
Mkuu Mchaga, hii ndio kazi yangu, niko karakana ya skii, ngoja niandike kwa kirefu kidogo.

Za reli si za wanaojifunza. Zimetengenezwa kwa skii moja kutumiwa na watu tofauti, ndio maana maduka ya kukodi wanazo. Springi na ile sehemu inayoachia buti ukianguka mara nyingi ni zilezile za modeli ya kawaida, kilichobadilika ni huko chini kwenye reli, na hapo ndipo uzito na kimo vinapoongezeka. Zinazolegea zipo kweli, ni zile zilizotoka duka la kukodi baada ya kupigwa misimu na misimu, ukishika kipande cha kisigino ukakitikisa kushoto kulia unasikia kinacheza, hizo achana nazo hata kama ni bei ya bure.

Na ya kutoboa si kwamba haisogei kabisa. Kipande cha mbele ndicho hakiendi popote, cha nyuma kina njia yake fupi, nyingi zinakupa kama sm 2 au 3, nyingine pungufu ya hapo. Nyie mmepishana mm 18, kwa hiyo fundi akijua mapema akapanga matundu vizuri buti zote mbili zinaweza kuingia. Tatizo ni kwamba kwa sababu mbele hakusogei, ukitoa buti ya kijana ukaweka yako, katikati ya soli panarudi nyuma mm 9. Angalia ubavuni mwa buti kuna kamstari, na kwenye skii kuna alama, hivyo viwili vinatakiwa vikutane. Mm 9 wengi hawazisikii, wengine wanasikia mpaka wanalalamika skii haigeuki. Kwenye reli unasogeza pande zote mbili kila mtu anakaa kwenye alama yake.

Halafu huyo kijana akivuka buti yako mwakani, akafika 325 au 335? Kutoboa upya kunawezekana, matundu ya zamani tunaziba kwa plagi na gundi, lakini tundu jipya tunataka liwe kama sm 1 kutoka la zamani, katikati kwa katikati. Cha ajabu ukihitaji kuhama kidogo ndio kazi ngumu, maana tundu jipya linaangukia nusu ndani ya lile la zamani na skrubu haina cha kushika. Ukihama mbali hakuna shida.

Sasa kuhusu kushea Jumamosi na Jumapili, hapa ndipo sikubaliani na duka. Wamekuuzia wazo kwamba unabonyeza, unasogeza reli, umemaliza. Bado. Ile DIN, namba inayopanga baindingi iachie buti kwa nguvu kiasi gani, inatokana na uzito, urefu, umri, aina ya utelezaji na urefu wa soli. Soli fupi kwa mtu yuleyule inataka namba kubwa kidogo kwa sababu wenzo ni mfupi, na kwenye chati 297 na 315 ziko safu tofauti. Kwa hiyo kila mkibadilishana kuna namba nne za kurekebisha, mbele na nyuma kwa skii zote mbili. Na ukisogeza kisigino lazima uangalie presha ya kusukuma buti mbele, nyuma ya kisigino kuna kialama kinatakiwa kiwe ndani ya mistari yake, kikiwa nje hata DIN iwe sahihi baindingi inaweza kuachia wakati haitakiwi au ikagoma kuachia mguu ukiwa unapinda. Kijana akiteleza na namba ya baba yake ambaye ana kilo nyingi zaidi, goti ndilo litakalolipa.

Mchaga_Calgary
Duh. Hiyo ya namba nne hakuna aliyenigusia. Kwa hiyo unasema nisinunue za reli?

Fundi_Bow_Valley
Nunua za reli, kwa nyie zina maana, tena hasa kwa sababu ya mtoto anayekua. Ila peleka skii na buti zote mbili karakana, wakupimie kwenye mashine ya kupima kuachia, yako na ya kijana, waandike kila namba kwenye kadi ubandike ndani ya kabati la vifaa. Kijana apimwe tena kila msimu ukianza na kila akibadilisha buti. Ingekuwa ni wewe peke yako na buti zako unazipenda ningekwambia kama boss wa Denver, toboa.

Na kabla hujalipa angalia zinaanzia DIN namba ngapi. Kuna za 4 mpaka 13, kama kijana ni mwembamba chati inaweza kumpa chini ya 4, hapo hiyo baindingi haimfai kabisa.

mama_pacha_Edmonton
Nafuatilia uzi, wangu wako miaka 9 wawili. Za reli za watu wazima zinawafaa?

Fundi_Bow_Valley
@mama_pacha_Edmonton hapana dada, buti nyingi za watoto wadogo zina soli ya aina yake, nyembamba kuliko ya mtu mzima, na namba zao ni ndogo. Zipo za watoto zenye kusogea vizuri tu. Umri huo kukodi kwa msimu mzima ndio nafuu, hapo shemeji wa Calgary yuko sahihi.

Mchaga_Calgary
Usimwambie 😂 La mwisho fundi, buti za kijana zina soli ya raba imeandikwa GripWalk, na dukani wana breki, vile viguu vya kusimamisha skii buti ikichomoka, za upana wa mm 90 na 110.

Fundi_Bow_Valley
Breki chukua 90. Isiwe nyembamba kuliko skii na isizidi zaidi ya kama mm 15, ya 110 itaning'inia nje inaburuza ukilaza skii. GripWalk tafuta baindingi yenye maandishi hayohayo, nyingi za sasa zinakubali hiyo na soli ya zamani. Na nunua bisibisi ya PZ3, ile ya msalaba ya kawaida inakula vichwa vya skrubu.