Kungumanga kwa kukosa usingizi: itiwe kiasi gani?

Chumvini: Wakuu, mzee wa miaka 58 anakatika usingizi saa nane usiku, harudi kulala. Kashauriwa maziwa ya moto yenye kungumanga, mwingine kasema mchaichai. Kipimo ni kipi, na kuna ushahidi? Anatumia dawa ya presha.

Mizizi: Kwaruza kungumanga nzima juu ya kikombe cha maziwa, isizidi robo kijiko cha chai. Usipandishe. Kokwa moja ina gramu 5 au zaidi, na kuanzia hapo hapo watu huanza kudhurika: moyo kwenda mbio, kinywa kukauka, kutapika, maruweruwe. Hali hiyo yaweza kudumu siku nzima. Wanaoumia wengi ni wale wanaoongeza. Mtu anakunywa saa tatu, saa nne haoni kitu, anatia kijiko kingine, kumbe kungumanga nyingi huchukua saa 3 hadi 6 kushika. Kuhusu ushahidi, majaribio mengi ni ya panya. Mjamzito aishie kiasi cha kiungo cha chakula tu.

Bi Mchaichai: Na jina langu hili, sitautetea 😀 Brazili waliupima kwa watu, matokeo yakatoka 1986: haukupita chai ya kusingizia, isiyo na dawa yoyote. Haudhuru, ila huku kwetu wengi wanauchemsha pamoja na majani ya chai, halafu wanashangaa usingizi hauji. Chemsha majani yake peke yake, anywe muda wa saa mbili kabla ya kulala, la sivyo mkojo utamwamsha.

Zamu ya Usiku: Hata valeriani, mmea wa kuleta usingizi unaouzwa kwa vidonge, madaktari wa usingizi wa Marekani mwaka 2017 walishauri isitumike kutibu tatizo hili. Chumvini, mzee anakoroma? Na dawa ya presha anaimeza saa ngapi?

Chumvini: Anakoroma mno, halafu anakata pumzi kidogo. Dawa ni ya kukojosha, anameza baada ya chakula cha usiku.

Zamu ya Usiku: Basi kungumanga iwekeni kando. Mwulizeni daktari kama dawa hiyo ihamie asubuhi, na mwelezeni huko kukata pumzi, maana kunapandisha presha na kumwamsha mtu mara kwa mara. Asipewe diazepamu (dawa ya kutuliza na kulaza) ya kuazima: inalegeza koo, pumzi itazidi kukatika. Akiamka na dakika 20 zikapita, atoke kitandani akae kwenye mwanga hafifu, arudi akisinzia. Asubuhi aamke saa ile ile, hata kama usiku ulikuwa mbaya.