Mgeni akiuliza kwenye fani ya kufumua programu, lazima akaripiwe kwanza?

BaitiYatima:
Wakuu, shikamooni wenye shikamoo zenu.

Nina miezi minne kwenye kufumua programu. Kwa wasioijua kazi hii: unachukua programu iliyokwisha kuundwa, msimbo wake wa asili huna, unaichambua amri moja moja ya asembli (lugha iliyo karibu kabisa na ya prosesa) mpaka ujue ndani inafanya nini. Wanaochunguza virusi vya kompyuta ndiyo kazi yao ya kila siku. Mimi natumia zana ya kufumulia iitwayo Ghidra kwa sababu ni ya bure, kwenye laptopu ya mtumba.

Juzi nilikuwa na krakimi, yaani kijiprogramu cha mazoezi kinachokuuliza namba ya siri nawe uipate kwa kukifumua. Nikafika mahali kinapolinganisha namba. Baiti zilizokaa pale, kwa heksa (hesabu ya tarakimu kumi na sita, 0 hadi 9 kisha A hadi F), ni B5 0F 00 00. Nikaacha zile sufuri, nikachukua B50F, nikaigeuza kuwa namba ya kawaida: 46351. Nikaandika, ikakataa. Nikarudia hesabu kwa kalamu na karatasi, ileile. Siku mbili nimeganda hapo.

Nikaenda kuuliza kwenye kundi moja la wakongwe. Niliweka picha ya skrini na hesabu yangu yote. Wa kwanza akajibu, "Kasome mwongozo wa Intel." Wa pili akacheka tu. Wa tatu akauliza kama mwalimu kanituma nifanyiwe homuweki. Swali likafungwa.

Mwongozo wa Intel una kurasa zaidi ya 4,000.

Sitaki kutafuniwa. Nauliza tu, hii tabia ya kumkaripia kila mgeni inamsaidia nani? Nawasilisha.

MzeeWaHeksa:
Marahaba. Sasa sikia na upande wa pili kabla povu halijakauka.

Mimi nimekaa upande wa wanaojibu kwa miaka. Haipiti wiki bila ujumbe wa "mkuu nisaidie kuingia WhatsApp ya mchumba wangu" au "nataka kutoa leseni kwenye programu ya uhasibu." Wote hao hujitambulisha kuwa wanafunzi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na sina hamu ya kuitwa kituoni kueleza kwa nini nilimfundisha kijana wa watu.

Halafu ukali huu haukuanza jana. Miaka ya 1990 kuna jamaa alijiita +ORC, aliandika masomo ya kuvunja kinga za programu akayagawa bure, na mwenzake Fravia akayaweka kwenye tovuti yake. Lakini kuingia kwenye kile walichokiita chuo chao, +HCU, ulipewa fumbo kwanza. Wenyewe waliliita chujio. Ukishindwa unarudi kusoma, hakuna kununa.

Hata zana zenyewe zilichuja watu. IDA, zana ya kufumulia ya kulipia, ilikuwa maelfu ya dola, kwa hiyo aliyekuwa nayo alishahangaika (au kaiba, tusidanganyane). NSA, shirika la ujasusi la Marekani, walipoitoa Ghidra bure Machi 2019, mlango ukabaki wazi na kila mtu kaingia na swali lake.

Na jibu lako, kijana, liko juzuu la kwanza la huo mwongozo, sura ya kwanza kabisa. Hukusoma.

Bi_Rejista:
Mzee, kwa heshima zote. Huyohuyo Fravia unayemtaja baadaye aliacha mambo ya kuvunja programu akageukia kufundisha watu namna ya kutafuta mtandaoni, na ndiyo anayokumbukwa nayo tangu alipofariki 2009. Na +ORC wenu masomo aliyaandika. Nyinyi mmerithi chujio, masomo mmeyaacha njiani.

BaitiYatima, zisome kuanzia nyuma. Prosesa za Intel huhifadhi baiti ndogo kwanza, kwa hiyo B5 0F 00 00 ni 00000FB5, yaani 4021. Neno la kutafuta ni "endian".

Haya, imenichukua dakika moja. Mzee umeandika aya nne kueleza kwa nini hujibu.

Mimi mwenyewe mara ya kwanza nilipouliza, kabla mtu hajagusa swali, waliniuliza kama kweli ni mwanamke. Hilo nalo ni chujio la nini?

BaitiYatima:
4021 IMEKUBALI!!! Ahsante sana dada.

Mzee, nimefungua hiyo sura ya kwanza. Ni kweli ipo, na mchoro wake. Ila nisaidie: ningeitafuta kwa kuandika nini? "Namba imekataa"? Nilikuwa sijui kama baiti kupangwa kinyumenyume ni jambo linalojulikana na lina jina. Kamusi huwezi kuifungua kama neno lenyewe hujawahi kulisikia. Nilikosa hilo neno tu, herufi sita.

FundiMwandamizi:
Mimi ni fundi simu, Kariakoo. Miezi sita ya kwanza nilikuwa nasafisha bodi kwa spiriti na kununua chai. Nikiuliza, bosi kimya. Lakini hakuwahi kunifukuza mezani, macho yangu yalikuwa kwenye mikono yake muda wote: chuma cha moto kinashikwaje, anaanza kupima wapi. Huku mtandaoni mikono huioni. Mtu akikwambia kasome na swali akalifunga, huna hata pa kuchungulia.

Ila BaitiYatima, siku mbili tu na wewe unalia? Kuna saketi moja nimekaa nayo wiki.

MzeeWaHeksa:
Nakubali kimoja. Huyu alionyesha hesabu zake, na waliomfungia swali walikosea. Mtu akija na kazi yake mkononi, jina la kitu nitampa.

Lakini "nisaidie haraka" bila kusema umejaribu nini, huyo ataendelea kunikuta vilevile. Wa WhatsApp ya mchumba simpi hata herufi.

Bi_Rejista:
Wa WhatsApp tuko pamoja. Ila mgeni mwingine haji na hesabu kwa sababu hajui hata hesabu ipi ifanywe. Huyo muulize: umefungua na zana gani, umeona nini? Maswali mawili. Mwizi atapotea hapohapo, anayejifunza atajibu.

MzeeWaHeksa:
Au mwizi atajibu vizuri kuliko wote. Nimewaona.

BaitiYatima:
Wakati mnabishana nimehamia krakimi ya pili. Ghidra inanionyesha funksheni chache mno, karibu hakuna kitu cha kusoma, na sehemu za faili zimeandikwa UPX0 na UPX1. Jibu msinipe. Neno la kutafuta ni lipi?

MzeeWaHeksa:
Umeshaliandika mwenyewe.