MREJESHO: Paka wangu mzee wa figo na ile ishu ya nyama mbichi

Wakuu habarini, mwezi uliopita niliuliza kama nimuanzishie paka wangu wa miaka 14 nyama mbichi, maana vipimo vilionyesha figo zimeanza kuchoka. Asanteni mno.

Yule aliyesema dagaa na mifupa vina fosforasi nyingi na figo zikichoka zinashindwa kuitoa, nilimsikiliza, dagaa wa soko la Deep Sea hapa Tanga nikakata kabisa, akalia usiku hadi majirani hapa Chumbageni wakauliza kama namchinja. Ila nyama mbichi nilijaribu kibishi siku nne, akaharisha vibaya, nikaacha, mlinionya jamani.

Sasa namchemshia kuku bila mifupa wala chumvi, namwagia supu mpaka vipande vinaelea, analamba supu kwanza ndo ale nyama, na maji yanamwingia humohumo. Daktari wa mifugo kasema kuku mtupu sio mlo kamili, kwahiyo nachanganya na chakula cha kopo cha paka wa figo, bei yake usiulize, na bado anakichambua anakiacha pembeni.

Vipimo vya juzi kreatinini (taka ya kwenye damu inayopanda figo zikichoka) haijashuka, ila haijapanda. Kutapika kumeisha. Dagaa bado anawadai.