Wiki ya tatu Wuhan: majina yangu matatu yamegeuka kuwa watu watatu

Binti wa Korogwe anauliza:

Wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika uhandisi wa maji. Nilifika Wuhan mwanzoni mwa mwezi huu wa Septemba kwa ufadhili wa serikali ya China, na leo naingia wiki ya tatu. Chuo changu kiko Wuchang, mmoja wa miji mitatu ya zamani iliyounganishwa ikawa Wuhan. Mingine miwili, Hankou na Hanyang, iko ng'ambo ya mto Yangtze. Siku niliyotua nilipanda treni ya chini ya ardhi, laini namba 2, kutoka uwanja wa ndege wa Tianhe, nikashuka nikiburuta mabegi mawili, na ni baadaye tu nilipoelezwa kwamba njiani nilikuwa nimepita chini ya Yangtze yenyewe. Mto niliokuja kuusoma nimeuvuka bila kuuona.

Sikuja hapa kulalamikia joto, ingawa ni joto la Korogwe lililonyimwa upepo, wala wanafunzi wapya wa Kichina wanaopiga kwata za mafunzo ya kijeshi chini ya dirisha langu kila asubuhi. Kinachonikosesha usingizi ni jina. Kwenye pasipoti nina majina matatu kama ilivyo desturi yetu: langu, la baba na la babu. Kwenye duka la laini za simu waliyaandika yote matatu kwa mfululizo bila kuacha nafasi, wakianza na la babu. Benki, karani aliandika langu na la babu, la baba akaliacha kwa kuwa kisanduku cha fomu kilikuwa kimejaa. Chuoni nimeandikishwa kwa jina la Kichina la herufi tatu ambalo bado sijaweza kulitamka vizuri, na wanaponiita kwa jina la pasipoti huniita kwa jina la babu yangu, mzee ambaye hata Dar es Salaam hakuwahi kufika.

Matokeo yake ni kwamba programu ya malipo ya kwenye simu inakataa kuunganisha akaunti yangu, kwa maelezo kwamba mwenye laini na mwenye akaunti si mtu mmoja. Posho ya yuan 3,000 kwa mwezi, ile ambayo wenyewe tumezoea kuiita bumu, inapaswa kuingia katika akaunti hiyohiyo. Kwa sasa naishi kwa noti nilizobadilisha uwanja wa ndege, na mama anayeuza matunda getini huzitazama kwa huruma kwa sababu hana chenji. Siwezi hata kurudi benki, kwani pasipoti yangu iko polisi kwa ajili ya kibali cha ukaazi, nami nimebaki na risiti tu.

Nina maswali mawili. La kwanza, fundo hili nianze kulifungulia wapi? La pili, masomo yangu ni kwa Kiingereza lakini maabara nzima huzungumza Kichina, na jioni hujikuta niko na Watanzania, Warundi na Wakongo tukizungumza Kiswahili hadi usiku. Mwenzetu mmoja aliyetangulia amenionya kwamba nikiendelea hivyo nitaondoka China bila China. Je, nijitenge nao?

Mzee wa Hankou anajibu:

Mdogo wangu, pole na karibu. Niko mwaka wa nne wa shahada ya uzamivu katika jiji hilohilo, na fundo hilo nimelifungua mara mbili, kwa jina langu na kwa jina la mke wangu.

Chukua nakala ya ukurasa wa pasipoti wenye picha yako, utazame mistari miwili ya chini kabisa, ile yenye alama kama vichwa vya mishale. Hapo jina la ukoo hutangulia na majina mengine hufuata, yote kwa herufi kubwa. Mpangilio huo ndio unaosomwa na mashine zao, kwa hiyo uandike kwenye karatasi ndogo, uweke pochini, na tangu leo usimruhusu mtu akuandike kwa namna nyingine yoyote, iwe ni karani, mwenye duka au daktari. Wachina wengi wana jina la herufi mbili au tatu, na mtu akiona majina yetu marefu huhisi anatusaidia anapoyafupisha.

Kisha fuata utaratibu huu bila kuruka hatua. Anza na laini ya simu, uende nayo kwenye tawi kubwa la kampuni husika na si kwenye kibanda ulikoinunua, kwa sababu kibandani mara nyingi hawana mamlaka ya kurekebisha jina lililokwisha kusajiliwa. Laini ikishakuwa sawa, ndipo uende benki, maana benki huilinganisha namba ya simu na jina. Programu ya malipo iwe ya mwisho. Watu wengi huanza na programu kwa kuwa ndiyo inayowaumiza kila siku, wakazunguka wiki nzima wakirudishwa kule walikotoka.

Pasipoti isikutie hofu. Kwa kuwa uliingia na viza ya X1, ile ya masomo ya muda mrefu, ulitakiwa kuomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 30 tangu kuingia, nawe umeshatimiza hilo. Sheria inawapa polisi siku zisizozidi 15 kutoa uamuzi, na ile risiti ndiyo inayothibitisha kwamba upo kihalali, kwa hiyo usitembee bila hiyo. Jambo la kuangalia ni kalenda: Oktoba mosi ni sikukuu ya taifa na ofisi hufungwa kwa siku kadhaa, hivyo ukichelewa kuifuata pasipoti mwishoni mwa Septemba utajikuta unasubiri hadi wiki ya pili ya Oktoba.

Katika kipindi hiki cha kusubiri, ikiwa una kadi ya Visa au Mastercard ya benki ya nyumbani, iunganishe moja kwa moja na Alipay, programu ya malipo, au WeChat, programu ya ujumbe ambayo pia hulipia, kwani zote mbili hupokea kadi za nje. Ununuzi usiozidi yuan 200 kwa mara moja hauna makato. Ukivuka hapo hukatwa asilimia 3. Na kuhusu yule mama wa matunda, Benki Kuu ya China imepiga marufuku wafanyabiashara kukataa fedha taslimu, lakini marufuku hiyo haimpi yeye chenji. Nenda benki yoyote ukavunje noti za 100 upate za 10 na 20.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza nami siwezi kuliacha. Mgeni anayelala mahali ambapo si hoteli anatakiwa kusajiliwa polisi ndani ya saa 24. Bweni la chuo huenda lilikusaidia kulifanya, lakini wakati wa likizo wanafunzi hukimbilia kwa marafiki waliopanga nyumba katika miji mingine, wakalala huko siku tano bila kumwambia yeyote. Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza. Polisi wa mtaa walikuja kugonga mlango, wakaniuliza maswali kwa upole kabisa, na nikaondoka na onyo. Sheria ingewaruhusu kunitoza faini ya hadi yuan 2,000.

Mpemba wa Maabara anajibu:

Dada, assalamu alaikum. Kaka hapo juu amemaliza habari ya makaratasi, mimi nitasema juu ya ulimi na tumbo.

Kichina kinatushinda mwanzoni kwa sababu ambayo walimu wetu wa Kichina hawaijui, nayo ni kwamba sisi tumezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho wa kila neno, basi tunalikaza la kwao vivyo hivyo bila kukusudia. Wao kila silabi ina toni yake, yaani namna sauti inavyopanda au kushuka, na toni ikibadilika neno ni jingine. Wiki yangu ya kwanza niliingia dukani nikainua ndoo ya kufulia, ndoo ya mwenye duka, nikamwambia kwa kujiamini kwamba nataka kuiuza. Neno *mai* kwa toni ya tatu ni kununua, na kwa toni ya nne ni kuuza. Yule bwana alinitazama, akaitazama ndoo yake, akaniuliza bei. Tangu siku hiyo nikawa najifunza sentensi nzima badala ya maneno, kwa kuwarekodi watu wa maabara wakisema jambo moja dogo, kisha nikaiga sauti yao kama mtoto wa chuo cha Kurani anavyoiga kisomo cha mwalimu wake.

Ikiwa wewe ni Muislamu kama mimi, au ikiwa nyama ya nguruwe haikupendezi tu, jifunze kuzitambua herufi mbili zinazosomwa *qingzhen*, maana ndizo zinazoonesha chakula cha halali. Vyuo vingi vikubwa vina bwalo au dirisha la chakula hicho, na mitaani utaona maduka ya tambi za nyama ya ng'ombe yanayoendeshwa na Waislamu kutoka kaskazini magharibi, ambako tambi huvutwa kwa mikono mbele ya macho yako. Lakini asubuhi kula wanachokula watu wa Wuhan, yaani *reganmian*, tambi za moto zilizochanganywa na ufuta uliosagwa. Utawaona wakizila huku wanatembea kwenda kazini, bakuli la karatasi mkononi. Mimi nilihisi zinakaba koo kwa siku tatu, na siku ya nne nikaamka nikizitamani.

Unga wa mahindi unapatikana kwa kuagiza mtandaoni, ila mara nyingi huwa wa njano. Kabla hujanunua jiko la umeme, soma kanuni za bweni lako, kwa sababu mengi hayaruhusu kupika chumbani.

Na nunua blanketi zito kabla ya Novemba. Joto hili litakudanganya. Wuhan haimo katika eneo la kaskazini ambako majengo hupashwa joto na mfumo wa jiji, kwa hiyo baridi ya Januari utakaa nayo chumbani.

Mkenya wa Guangzhou anajibu:

Dadangu, kwa swali lako la pili mimi sikubaliani hata kidogo na huyo aliyekuonya. Nimeishi Guangzhou miaka sita, kwanza nikiwa mwanafunzi, na wanafunzi niliowaona wakivunjika moyo wakarudi nyumbani kabla ya wakati hawakuwa wale waliokaa na wenzao jioni. Walikuwa wale waliojifungia chumbani wakisubiri Kichina kiwaingie. Hao Warundi na Wakongo ndio watakaojua kwamba umeugua kabla chuo hakijajua. Wagawie jioni, mchana uwape watu wa maabara, na ukae nao mezani hata kama huelewi wanachocheka.

Ninachokuonya mimi ni kazi. Hivi karibuni mtu atakujia kwenye WeChat na ombi tamu la kufundisha watoto Kiingereza Jumamosi, kwa malipo ambayo kwa saa mbili yanazidi posho yako ya siku mbili. Kibali chako ni cha masomo. Kufanya kazi nje ya chuo kunahitaji ridhaa ya chuo na idhini ya polisi inayoandikwa kwenye kibali chenyewe, na bila hivyo sheria inakuhesabu kuwa mfanyakazi haramu, faini yake ikianzia yuan 5,000 hadi 20,000, na hali ikiwa nzito mtu huwekwa kizuizini kati ya siku 5 na 15. Yule aliyekuajiri atabadilisha namba ya simu; wewe utabaki na rekodi.

Kuhusu nyumbani, WhatsApp imefungwa huku, lakini laini yako ya Tanzania ikiwashwa huduma ya kutumika nje ya nchi (roaming) hupitisha data kupitia mtandao wa kwenu, kwa hiyo WhatsApp hufunguka. Ni ghali, basi itumie kwa dharura tu. Afadhali umwekee mama WeChat. Akaunti mpya mara nyingi huhitaji mtumiaji mwingine wa zamani aithibitishe kwa kuskani, kwa hiyo mtafute mtu aliye karibu naye. Kumbuka pia kwamba uko mbele yake kwa saa tano: ukimpigia saa tano usiku wako, kwake ni saa kumi na mbili jioni, naye yuko jikoni.

Binti wa Korogwe anajibu:

Kaka zangu, nashukuru sana. Jana nilivunja noti benki, na mama wa matunda akanichagulia zabibu nzuri. Kadi ya Visa imekubali kwenye Alipay. Nilijaribu pia kwenda kwenye tawi kubwa la simu nikiwa na risiti ya polisi pamoja na nakala ya pasipoti, lakini waliniambia wanahitaji pasipoti yenyewe, nami nimepangiwa kuichukua tarehe 28. Kaka Mzee wa Hankou, je, siku hiyohiyo naweza kuwahi simu na benki kabla ya sikukuu, au nijaribu simu pekee?

Mzee wa Hankou anajibu:

Yote mawili yanawezekana ukiwa polisi asubuhi wanapofungua. Ukiishika pasipoti, kabla hujatoka mlangoni, soma kibali kipya herufi kwa herufi ukikilinganisha na ile karatasi ya pochini, kwa sababu kosa likionekana hapohapo ni rahisi zaidi kulirekebisha. Benki chukua namba ya foleni kwanza, halafu uvuke barabara kwenda kwenye simu. Siku za karibu na sikukuu foleni ya benki hapa Wuhan inaweza kufika watu sitini. Na mwambie karani kwamba jina la baba yako lazima liingie, hata kisanduku kikijaa.