Kushika bendera barabarani: cheti sawa, ila ada alipe nani?

Kijana wa Kitangari
Shikamooni wakubwa. Mimi ni kibarua wa bendera kwenye barabara inayojengwa huku kwetu Newala. Msimamizi katutangazia kwamba asiye na cheti cha mafunzo ya kuongoza magari hatashika tena bendera. Sisi tulifundishwa palepale saiti: unapewa rifleta (ile fulana ya kung'aa) na kibao, kazi inaanza. Sasa ada tunaambiwa tutoe mfukoni. Ni haki? Na kuna nini cha kusomea hapo?

Bi Mkubwa wa Bendera
Marahaba mwanangu. Nimeshika bendera upande wa Mnivata mpaka nikawa kiongozi wa zamu, na mafunzo nayaunga mkono kabisa. Lori la mwendo wa kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde. Ndiyo maana vibao vya tahadhari vianze mbali, hasa kwenye kona na mteremko. Wewe usimame pembeni, uonekane, na ujue utakimbilia wapi breki zikigoma. Hilo la pa kukimbilia saiti hatukuambiwa, na msimu wa korosho malori yanapita yamejaa magunia!

Halafu njia ikibaki moja na mwenzako humuoni? Sisi tulimpa dereva wa mwisho tawi la mkorosho; likifika upande wa pili, mwenzangu anaruhusu magari yake. Bodaboda akichomekea nyuma ya mwenye tawi, hesabu imeharibika. Zinatakiwa redio za mkononi, na watu wafundishwe kuzitumia.

Ada usitoe hata mia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 imemtwika mwajiri jukumu la usalama wa wafanyakazi wake. Kibarua wa kutwa ajinyime kula ili asomee takwa la mkandarasi? Hapana.

Dereva Masasi
Naunga mkono. Na rifleta zifuliwe jamani. Ikishajaa vumbi, usiku hatuwaoni mpaka tumewafikia.

Kijana wa Kitangari
Asante bibi. Ila nikisema nitaambiwa kesho nisije.

Bi Mkubwa wa Bendera
Usiende peke yako. Nendeni wa zamu zote, afisa usalama wa mradi awepo, mwombe mafunzo yafanyike saiti, saa za kazi. Wazoefu wapimwe kwanza. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini. Ulizieni chuo cha Mtwara kama kazi yenu inaingia.