Zawadi ya mama: kitabu cha Katharine Hepburn au seti ya filamu zake?

Kitukuu_wa_Ujiji
Wakuu, habari za jioni. Mama yangu anatimiza miaka 70 mwezi ujao. Tangu tukiwa wadogo, mwigizaji anayemtaja ni Katharine Hepburn tu. Nimebaki na machaguo matatu: *Me*, kitabu cha maisha yake alichoandika mwenyewe mwaka 1991, au kile chembamba cha 1987 kinachoeleza walivyopiga filamu ya *The African Queen*, au seti ya DVD za filamu alizocheza na Spencer Tracy. Kipi bora? Naagiza Ijumaa.

Msomaji_Mkaidi
Umetuletea ugonjwa bila mgonjwa. Mama anaishi wapi? Kiingereza anasoma? Bajeti yako ni kiasi gani? Deki anayo?

Kitukuu_wa_Ujiji
Samahani mkuu. Yuko Kigoma, alikuwa mwalimu, Kiingereza anasoma. Isizidi laki mbili pamoja na usafiri. Deki ipo, ya siku nyingi.

Bibi_wa_Sinema
Chukua *Me*, usihangaike. Hepburn alizaliwa 1907 Hartford, Connecticut, baba daktari, mama mpiganiaji wa haki ya wanawake kupiga kura. Akapata tuzo ya Oscar kwa *Morning Glory*, filamu ya 1933. Mwaka 1938, wenye majumba ya sinema wakamtangaza kwamba ni sumu, anawafukuzia wateja. Mwingine angefunga virago. Yeye akaenda jukwaani na tamthilia ya *The Philadelphia Story*, haki za kuitengeneza filamu akawa nazo mkononi (tajiri Howard Hughes ndiye aliyemnunulia), na Hollywood walipoitaka, ikabidi wamchukue na yeye mwenyewe. Filamu ikatoka 1940, sumu ikawa asali. Oscar nne za uigizaji jumla, hakuna mwigizaji aliyemfikia, na hakwenda kupokea hata moja!

Msomaji_Mkaidi
Dada, *Me* nimekisoma. Sentensi za nusunusu, vistari kila mahali, anaruka kutoka hapa kwenda pale kama anaongea na simu huku anapika. Mimi nasema kile cha 1987. Alikitoa akiwa na miaka 80, kifupi, kina picha nyingi, na kinahusu huku kwetu. Walipiga filamu Kongo, wakati huo bado ya Wabelgiji, kisha Uganda. Hepburn alikuwa akijihadhari na pombe, anakunywa maji, akaugua tumbo hadi akakonda. Mwigizaji mwenzake Humphrey Bogart na mwongozaji wao John Huston walikuwa wakinywa wiski tu na hawakuugua. Lile tukio la kanisani anapopiga kinanda, pembeni palikuwa na ndoo ya kutapikia.

Na kuna lile la Huston kumfuata na kumwambia: usimcheze Rose (mhusika wake) kwa uso wa huzuni, mfikirie Eleanor Roosevelt, aliyekuwa mke wa Rais wa Marekani, anavyotabasamu akiwatembelea askari majeruhi. Hepburn anasema hakuwahi kupewa maelekezo mazuri kama hayo. Ukishasoma hapo, filamu unaiona upya.

Fundi_Mdogo_TZ
Kabla hujatuma hela kwa ajili ya DVD, sikiliza yaliyonikuta. Niliagiza seti ya filamu za zamani kutoka Marekani, duka la mtandaoni ambalo sitalitaja. Wiki saba. Ushuru nikalipa, sikununa. Siku ilipofika nikawaalika wakwe. Mke wangu akakaanga mihogo, soda zimepangwa, baba mkwe kakalishwa kiti cha mbele. Naweka diski, kioo kinaandika kwamba haiwezi kuchezwa eneo hili. Naitoa, naifuta kwa kanga, narudisha. Vilevile. Nikamwita fundi wa jirani, akasema lensi ina vumbi, akaifungua deki mbele ya wakwe, elfu kumi na tano. Bado. Fundi wa pili akasema lensi imekufa kabisa. Baba mkwe akaomba tumwekee taarifa ya habari.

Kesho yake kijana mmoja wa kuchoma CD akanionyesha nyuma ya kasha: kijidunia kidogo chenye namba 1. DVD zinafungwa kwa maeneo, Marekani ni 1, Ulaya 2, sisi huku 5. Nikamwandikia muuzaji, akajibu kwamba mbona imeandikwa. Gharama ya kurudisha ilizidi bei. Zipo kabatini hadi leo, chini ya sahani za wageni. Kwa hiyo mwulize muuzaji wako namba ya eneo KABLA ya kulipa.

Mgambo_Mstaafu
Mnamsifia mgonjwa wa tumbo wakati mwigizaji Ava Gardner alikuja Kenya kwenye *Mogambo* na hakutetereka? Ilitoka 1953, mwongozaji John Ford, Clark Gable na Grace Kelly ndani. Walipiga wakati wa hali ya hatari ya Mau Mau. Gardner akateuliwa Oscar. Na jina la filamu ni Kiswahili!

Bibi_wa_Sinema
Mogambo si Kiswahili, mzee wangu.

Mgambo_Mstaafu
Si mgambo hiyo? Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo.

Msomaji_Mkaidi
Wazungu huambiwa maana yake ni mahaba. Ungekuwa mgambo wa mahaba, vibanda vya mama lishe vingekuwa salama. Turudi kwenye mada.

Mwana_wa_Reli
Mada yenyewe iko Kigoma jamani. Meli ya Wajerumani kwenye *The African Queen*, ile *Louisa*, mwandishi wa riwaya C. S. Forester aliichota kwa *Graf von Goetzen*, ambayo ndiyo MV *Liemba* yetu! Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikaja vipande vipande hadi Dar es Salaam, reli ikaifikisha Kigoma, ikashushwa majini 1915. Kwenye filamu inalipuka. Kwa kweli, Wajerumani wenyewe ndio walioizamisha 1916 isije ikatekwa, na injini wakazipaka grisi kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Mpe mama filamu hiyo, akae anaitazama meli yake.

Kitukuu_wa_Ujiji
Duh! Mama alisafiri na *Liemba* kwenda kufundisha Kasanga. Hili hatukulijua nyumbani.

Salma_wa_Pili
Mimi nitawaharibia. *The African Queen* inaanza na Waafrika wanaimba tenzi hawazijui, kijiji kinachomwa, halafu hatuwaoni tena, wabaki Wazungu wawili kwenye boti. Mwalimu mstaafu unampa hiyo? Mpe *Guess Who's Coming to Dinner* ya 1967. Binti Mzungu analeta mchumba daktari Mweusi, Sidney Poitier, na Hepburn ndiye mama mtu. Binti aliigizwa na mpwa wake wa kweli. Tracy, mpenzi wa Hepburn wa miaka mingi, alikuwa mgonjwa sana, akafariki siku 17 baada ya kumaliza, tarehe 10 Juni. Siku mbili baadaye Mahakama Kuu ya Marekani ikafuta sheria za kukataza ndoa za Weusi na Weupe. Mtazame Hepburn anavyomwangalia Tracy kwenye hotuba ya mwisho. Machozi yale si ya kuigiza.

Mgambo_Mstaafu
Tracy alikuwa na mke.

Salma_wa_Pili
Hatujaja kuoza mtu hapa.

Mwana_wa_Reli
Salma, hoja ya kijiji nakubali. Lakini mto ni mto wa kweli.

Msomaji_Mkaidi
Mto sawa. Ila waigizaji wanapoonekana ndani ya maji, Bogart akivuta boti na kutoka na miruba, hayo ni matangi ya studio Uingereza.

Mwana_wa_Reli
Ungeniacha tu na furaha yangu.

Kitukuu_wa_Ujiji
Asanteni wote. Nilikuwa nimeegemea kile cha 1987. Nimempigia dada yangu anayekaa na mama, ananikumbusha kwamba mama alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na maandishi madogo yanamshinda. Pia deki dada aliigawa mwaka jana.

Msomaji_Mkaidi
Kitukuu!!! Siku tatu tunapigana na vitabu na deki hapa.

Bibi_wa_Sinema
Nunua *Me*, wajukuu wamsomee. Sentensi za nusunusu zinasomeka vizuri kwa sauti.

Salma_wa_Pili
Au umweke mbele ya kioo kikubwa, *Dinner*, kwenye flashi. Halali lakini.

Mgambo_Mstaafu
Fundi_Mdogo, ile seti iliyo chini ya sahani ina filamu gani? Deki yangu inacheza maeneo yote.

Fundi_Mdogo_TZ
Nne. Mbili za Hepburn, moja ya Bette Davis, na moja sijui maana sijawahi kuiona. Njoo inbox, lakini ile elfu kumi na tano ya lensi naijumlisha.