Ulinganisho: IOTN, ICON au DI kwa ukaguzi wa meno ya wanafunzi?

Tabibu_Malindi
Tunaandaa ukaguzi wa wanafunzi wa miaka 10 hadi 13, Malindi mjini kisha Lamu na Pate. Nani apewe rufaa kwa daktari wa kunyoosha meno, na kesi ipi ni ngumu? Kipimo kipi kinafaa?

Langoni
Shuleni tumia IOTN, kipimo cha uhitaji wa kunyoosha meno cha Brook na Shaw (1989). Sehemu yake ya afya ya meno yataka rula, kioo na mwanga tu. Hujumlishi alama, kasoro iliyo mbaya kuliko zote ndiyo inayotoa daraja. Meno ya juu yakichomoza zaidi ya milimita 9 ni daraja la 5, la uhitaji mkubwa kabisa. Zaidi ya 6 hadi 9, la 4. Kati ya 3.5 na 6 tazama midomo: isipofungana bila kukazwa ni la 3, ikifungana ni la 2.

Kosa kubwa ni mtoto kusukuma taya la chini mbele akiambiwa aume. Kipimo hupungua, na anayestahili rufaa anarudishwa darasani. Mwambie ameze mate, aume kwa magego, ndipo uweke rula sambamba na mstari wa kuumana, kwenye jino lililochomoza zaidi.

Shela_Meno
Sawa kwa uhitaji, ila ugumu ni swali jingine. Mchomozo wa milimita 10 wa mtoto anayekua waweza kuwa kazi nyepesi kuliko chonge lililokwama kaakaani, na yote mawili ni daraja la 5. Kwa ugumu shika ICON (2000), kipimo cha ugumu, matokeo na uhitaji. Kila alama huzidishwa: mwonekano mara 7, msongamano wa meno ya juu mara 5, kuumana kinyume (meno ya juu kuangukia ndani ya ya chini) mara 5, kina cha kuumana kwa meno ya mbele mara 4, magego mara 3.

Mfano: mwonekano 6 (42), msongamano wa milimita 6, yaani alama 2 (10), kuumana kinyume hakuna, kina alama 2 (8), magego alama 2 kwa pande zote mbili pamoja (6). Jumla 66. Zaidi ya 43 anahitaji matibabu. 64 hadi 77 ni ngumu, juu ya 77 ngumu sana.

Tahadhari: alama ya magego hupima yanavyoingiliana, si taya lipi limetangulia. Magego yaliyosogea jino zima yakiingiliana vizuri hupata sifuri! Mchomozo nao haupimwi moja kwa moja.

Mkunguni
DI, kipimo cha ugumu wa kesi cha bodi ya Marekani ya madaktari wa kunyoosha meno, ni makini, lakini yadai eksirei ya pembeni ya kichwa ili kupata pembe ya ANB, inayoonyesha taya la juu na la chini yanavyopishana mbele na nyuma. Mwachie daktari wa rufaa.

Langoni
Basi IOTN shuleni, ICON kliniki kwa daraja la 4 na la 5. Chonge la juu lisipoguswa chini ya ufizi kwa nje akifika miaka 10 au 11, agiza eksirei. Likikwama, ICON hulipa alama 5, yaani 25 baada ya kuzidisha.

Na kwenye fomu andikeni herufi pia: 5a ni mchomozo, 5i ni jino lililozuiwa kutoka. Namba 5 peke yake haimwambii anayepokea rufaa aandae nini.